Ufunguo Ambao Bwana Shamba Hakuja Kuukomboa

Ukifika Bigwa, hapa Morogoro, ukauliza kwa Bwana Shamba, utaonyeshwa nyumba isiyo na shamba. Ndivyo ilivyo tangu nimfahamu. Mbele ya nyumba pana uwanja wa changarawe uliofagiliwa, bomba la maji, ndoo, matambara yaliyoanikwa kwenye waya, na chini ya kibanda cha bati kilichojengwa kwa uangalifu zaidi kuliko jiko la nyumba hiyo, gari. Mchicha na matembele viko nyuma, na ni vya mkewe. Mtu huyu alitumia miaka yake yote ya kazi kuwafundisha wakulima wa Mlali, Mgeta na Matombo namna ya kukata ngazi kwenye miteremko ili mvua isiwachukulie udongo, na kwake mwenyewe hajapanda hata mpapai. Nilipomuuliza sababu alinijibu bila kusita: "Mizizi ya mpapai itainua changarawe, gari litakaa upande."

Alikuwa jirani yangu kabla hajawa mtani wangu, na hili la utani inabidi nilieleze mapema, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayataeleweka. Baba yangu alikuja Morogoro kutoka Tabora kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akabaki. Mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa hapa, nikasomea ualimu hapa, na nikafundisha shule ya msingi hapa hadi nilipostaafu. Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaruhusiwa kukwambia maneno ambayo ndugu yako akiyasema mtanuniana mwaka mzima. Anaweza kuchukua kitu chako mbele ya watu, nawe hukasiriki; utakwenda kukikomboa kwa kuku, au kwa soda, au kwa chochote atakachokutajia, mtacheka, yatakwisha. Kwenye misiba watani ndio wanaovaa vichekesho, wanaopiga kelele, wanaomwiga marehemu alivyokuwa akitembea. Mgeni akiona hushtuka. Wafiwa wenyewe hupumua.

Siku Bwana Shamba alipogundua kabila langu, alikuwa akifuta kioo. Alisimama, akaliweka tambara begani.

"Kumbe wewe ni wa wale waliokuwa wanapita hapa na mizigo ya misafara kichwani!"

"Shikamoo," nikamjibu. "Ndiyo. Tulikuwa tukitazama juu tunawaona ninyi mnalima ukutani kama mijusi."

"Marahaba. Mijusi haianguki."

"Mluguru akiteleza shambani kwake anaokotwa mjini. Nani asiyejua?"

Alicheka hadi akashika boneti. Tangu siku hiyo hakuniita Mwalimu tena kama watu wengine wa mtaa. Nilikuwa Mtani, na yeye kwangu alibaki Bwana Shamba, jina la kazi aliyoiacha zamani.

Kuhusu magari alikuwa na msimamo ambao vijana wa mtaani waliucheka. Hakupenda gari linalosifiwa. "Gari likisifiwa sana," alikuwa akisema, "ujue mwenyewe yuko gereji." Kwa maoni yake gari zuri ni lile ambalo hulifikirii. Unaamka, unazungusha ufunguo, linawaka, unakwenda ulikokuwa unakwenda, unarudi. "Gari likikufanya uombe dua kila asubuhi, hilo siyo gari, ni mtihani." Hata hivyo yeye mwenyewe kila asubuhi alisema Bismillahi, akaweka kiganja kwenye boneti kama mtu anayempoza ng'ombe kabla ya kumkamua, ndipo akaingia. Nilipomkumbusha maneno yake alisema ile haikuwa dua ya kuliombea liwake. Ilikuwa salamu.

Gari lake la kwanza, lililokuwa lake na siyo la serikali, lilikuwa pikapu ya Pijo. Sikuliona, lakini nalijua kama nilivyowajua shangazi zangu wa Tabora nisiowahi kukutana nao. Lilikuwa na rangi ya mchanga na gia ya usukani. Lilipanda njia ya Mgeta wakati wa masika likiwa na kabichi hadi juu ya kingo, na kila alipofika kwenye kona ile ambayo ukitazama chini unaona mapaa ya bati ya kijiji kingine, alilisemesha taratibu kwa Kiluguru. Hakuwahi kunitafsiria maneno yenyewe. Mkewe ndiye aliyesema, huku akicheka, kwamba yeye hajawahi kuambiwa maneno hayo hata siku ya harusi.

Baada ya Pijo ilikuja Datsun ya bluu, ambayo aliiheshimu lakini hakuipenda. "Ilikuwa mtumishi mzuri," alisema, na akaishia hapo. Kisha ikaja Korola nyeupe, na hilo ndilo gari ninalolizungumzia, ndilo lililokuwa chini ya kibanda miaka yote ya ujirani wetu.

Korola ile ilipeleka nusu ya mtaa wetu hospitali. Sisemi hivyo kwa kupamba. Mwanangu wa mwisho nusura azaliwe kwenye kiti chake cha nyuma, na Bwana Shamba, ambaye alikuwa hataki mtu ale hata karanga ndani ya gari, hakusema neno kuhusu kiti hicho, wala sikuwahi kuona alama yoyote. Ilibeba maharusi, ikabeba sanda na wazee waliotaka kwenda Msamvu kuwapokea wajukuu wao wanaoshuka kwenye mabasi. Siku ya kuamkia Idi ilibeba mbuzi, ameketi kwenye kiti cha nyuma na kichwa nje ya dirisha. Nilimwuliza Bwana Shamba mbuzi ana ruhusa gani ambayo karanga haina. Alifikiri kidogo. "Mbuzi," alisema, "haachi makombo."

Watu aliwapima kwa namna wanavyofunga mlango. Ukiubamiza alikuwa akifumba macho kama aliyepigwa, na kusema kwa upole, "Taratibu, hilo siyo jokofu." Ukiurudisha kwa mkono hadi ukashika wenyewe, ulikuwa umepanda daraja. Mchumba mmoja wa binti yake alikataliwa, na mtaa mzima uliamini ni kwa ajili ya mlango, ingawa mwenyewe alikana. Honi alikuwa haipigi. Alisema honi ni tusi, na mtu mzima hawezi kutukana barabarani. Lakini ukikaa naye vioo vikiwa vimefungwa, ungesikia malori ya mchanga yakitukanwa kwa lugha mbili, kwa sauti ya chini na kwa mpangilio mzuri, hadi yatakapopita. Kisha anakugeukia: "Ehe, ulikuwa unasemaje, Mtani?"

Mimi alinifundisha kuendesha nikiwa mtu mzima, mwenye watoto, niliyekwisha kuamini kwamba gari ni kitu cha watu wengine. Hakukaa ndani. Alitembea nje kando ya dirisha langu, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua mahindi. Kitu nilichokiogopa kuliko vyote ni kuondoka kwenye mwinuko. Njia ya kwetu inapanda, na nilijua kwamba nikiachia breki tutarudi nyuma mimi na Korola hadi mtoni. Basi akawa anaweka jiwe nyuma ya gurudumu. "Jiwe lipo," ananiambia dirishani. "Hata ukitaka kurudi huwezi. Achia taratibu." Nikaachia, likapanda. Tukafanya hivyo jioni nyingi. Siku moja, nimekwisha kupanda na kusimama juu nikijisifu, nikatoka kwenda kuliondoa jiwe lile ili bodaboda wasijikwae. Halikuwepo. Nikamtazama. "Lipo nyumbani," alisema. "Limepumzika tangu wiki iliyopita."

Ninapokumbuka ualimu wangu wote, sidhani kama niliwahi kumfundisha mtoto vizuri namna ile.

Sasa nieleze habari ya macho.

Kuna ugonjwa ambao watu huuita presha ya macho. Haufungi jicho kama pazia. Unakula pembeni kwanza, kidogo kidogo, na katikati unapaacha pazuri, hata mgonjwa anaweza kusoma gazeti na kuona senti iliyoanguka sakafuni, huku hamwoni aliyesimama kando ya bega lake. Chukua gazeti, likunje kama bomba, uchungulie, ndivyo. Na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Bwana Shamba alipewa dawa ya matone, akaambiwa na daktari asiendeshe tena. Habari ya matone tuliijua sote, kwa sababu chupa ilikuwa dirishani. Habari ya kuendesha aliijua mkewe peke yake, na mkewe alimwambia mpwa wa mumewe, na mpwa huyo ndiye aliyekuja kuniambia mimi.

Tulianza kuona mambo. Mtu akimsalimia kutoka pembeni, aligeuza kichwa kizima, kama kuku, hadi akupate. Kwenye barabara ya Mlali alipunguza mwendo mahali palipokuwa na tuta zamani, likang'olewa, halafu akaligonga jipya lililowekwa mbele kidogo. Alikuwa akiendesha barabara aliyoikumbuka. Kwa kuwa aliikumbuka vizuri mno, kwa muda mrefu ilitosha.

Siku ambayo haikutosha tulikuwa watatu garini: yeye, mimi mbele, na mpwa wake nyuma. Tulikuwa tunarudi kutoka Mlali kuhani msiba. Kabla ya kuingia barabara kubwa pana akina mama wanaouza ndizi pembezoni. Mmoja alikuwa amechutama karibu na lami, anapanga beseni lake. Nilimwona. Nilidhani na yeye amemwona, kwa sababu alikuwa mbele yetu wazi kabisa, upande wa kushoto tu. Nilipofungua mdomo mama yule alikwisha kuruka nyuma, na gurudumu likapita juu ya beseni. Gari lilinyanyuka, likatua.

"Wameweka tuta jingine," alisema Bwana Shamba. "Hawachoki."

Niligeuka. Mama alikuwa amesimama, mikono kichwani, mzima. Mpwa naye aligeuka. Tukatazamana. Si mimi wala yeye aliyesema neno, na Korola ikaendelea na safari yake kwa mwendo uleule wa staha.

Jioni hiyohiyo mpwa alinifuata. Ana duka la mbegu na dawa za mimea pale mjini, ni mtu mtulivu, lakini siku hiyo hakungoja hata nimkaribishe.

"Mwalimu, mjomba ataua mtu."

"Mwambie."

"Mimi?" Alicheka kicheko kibaya. "Mimi ndiye siwezi."

Alinieleza, na alikuwa sahihi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mtoto wa dada ndiye anayeshika mahali pa mjomba. Siku Bwana Shamba akiondoka, mpwa huyu ndiye atakayesimama badala yake, na vitu vyake vingi vitapitia mikononi mwake, gari likiwemo. "Nikimwambia aache gari, watasema nawahi urithi. Hata mwenyewe atasema hivyo. Watoto wake nao wako Dar, wakipiga simu anawaambia anaona vizuri. Wewe ni mtani. Wewe unaweza kumnyang'anya, na hawezi kukasirika."

Nilijiona nina bahati kuwa na ruhusa hiyo. Leo ndilo linaloniuma: nilifurahi. Nilifikiri tumepata njia isiyo na maumivu, mwenyewe atacheka, watu watacheka, na jambo litakuwa limekwisha bila mtu kulitamka.

Hitima ya mzee wao mmoja ilifanyika Mlali. Walipokwisha kusoma na kula, watani tukaanza kazi yetu. Nilikuwa nimevaa kanzu ya marehemu iliyopasuka na kujipaka unga usoni. Nilijipenyeza hadi alipokaa Bwana Shamba, nikaingiza mkono mfukoni mwa koti lake, nikauchukua ufunguo, nikakimbia nao hadi kwenye Korola, nikapiga boneti.

"Jamani! Leo gari hili ni la Unyamwezini! Tumechoka kubeba vichwani!"

Vifijo. Mama mmoja akapiga vigelegele.

"Mtani, lirudishe!" alipaza sauti kutoka mkekani, anacheka. "Huna hata pa kuliegesha!"

"Silirudishi! Mnalo la nini, na dereva wenu haoni?"

Watu wakacheka zaidi, na kicheko kina tabia ya kukusukuma. Nikakunja viganja vyangu vikawa kama mabomba, nikaviweka machoni, nikaanza kutembea katikati ya watu hivyo, nagonga magoti, nagonga masufuria, nasema "Wameweka tuta! Wameweka tuta jingine!" Kwa wengine lilikuwa neno tu la kuchekesha. Mpwa wake aliinamisha kichwa.

Nilipotoa mikono usoni, Bwana Shamba alikuwa angali anacheka. Mtani hakasirikiwi. Lakini alikuwa anageuza kichwa huku na huku kunitafuta nilipo, na nilikuwa nimesimama karibu naye, upande wa kushoto.

"Chukua, Mtani," alisema, akitazama mahali ambapo sikuwepo. "Chukua."

Mpwa ndiye aliyelirudisha gari Bigwa, akaacha milango bila kuifunga na kunirudishia ufunguo. Bwana Shamba na mkewe walirudi kesho yake kwa basi.

Tulivyopanga mimi na mpwa ni kwamba akija kukomboa nitamkatalia. Ataleta jogoo, nitasema ni mdogo. Ataleta mchele, nitasema una mawe. Nitamzungusha hadi aelewe mwenyewe, na tukifika hapo tutakuwa tumezoea. Nilitundika ufunguo kwenye msumari sebuleni na kumsubiri.

Hakuja. Nilimwona akienda msikitini kwa miguu, fimbo mkononi, ukutani kabisa, anapapasa ukuta wa jirani kwa vidole. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, akauliza habari za wajukuu, akapita. Hakusema lolote la mizigo wala la Tabora. Nikamrushia neno la mijusi siku moja, alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mtoto wa watu.

Kisha mkewe akaja. Hakukaa. Alisimama mlangoni akizungusha ncha ya mtandio.

"Mwalimu, mwenzio anakaa garini."

"Anafanya nini?"

"Anakaa tu. Anaosha, halafu anafungua mlango, anakaa. Jana alikaa mpaka adhuhuri." Alinitazama. "Mimi nilitarajia umwambie. Sikutarajia umfanyie mchezo."

Nilifikiri juu ya maneno hayo usiku na mchana, na mwishoni niliona hakuna namna isipokuwa kuutoa ufunguo msumarini na kwenda nao.

Alikuwa anafuta kioo cha nyuma alichokuwa amekwisha kukifuta. Nilijisogeza mbele yake, mahali pa kuonekana, nikamwamkia. Nikamnyooshea ufunguo. Hakuupokea.

"Hukuja kukomboa," nilisema.

"Kukomboa ni mchezo. Ninyi hamkuwa mnacheza." Alikung'uta tambara. "Unadhani sijui? Mpwa wangu alikuwa anatazama chini kama amemwaga mchuzi. Nilisema, ahaa, hawa wana jambo."

"Niliogopa kukuvunjia heshima, Bwana Shamba."

"Ukaona uivunje kwenye pilau."

Mkewe alikuwa mlangoni na hakuingia ndani wala hakutoka.

"Ningekuja hapa nikakwambia, ungenipa ufunguo?" nilimuuliza.

Alifikiri. Ni mtu mkweli. "Labda nisingekupa. Ningekufukuza. Kesho ungekuja tena, ningekufukuza tena. Lakini ningekuwa nimeambiwa." Akaketi kwenye ngazi ya kibaraza. "Haya. Niambie sasa. Siyo kama mtani. Kama unavyowaambia watoto wa shule hesabu wasiyoielewa."

Nilikaa ngazi ya chini, mbele yake, mahali anapoona. Nimeeleza mambo mengi kwa watu wengi katika maisha yangu, na najivunia kwamba sikuwahi kumwacha mwanafunzi nyuma. Nilianza na yale anayoyajua: daktari, matone, katikati na pembeni. Aliitikia kwa kichwa kila nilipokamilisha jambo. Kisha nikafika kwenye barabara ya Mlali.

"Lile la siku ile halikuwa tuta," nilimwambia.

"Lipi?"

"Tulipotoka kuhani. Lilikuwa beseni la ndizi. La mama aliyekuwa amechutama pembeni."

Mkewe alishika fremu ya mlango. Nilimwona Bwana Shamba akilitafuta tuta lile kichwani mwake, analitazama upya.

"Aliumia?"

"Hapana. Aliruka."

"Alilia?"

"Sikusikia. Hatukusimama."

"Mlimwona, wewe na mpwa wangu, mkanyamaza."

"Ndiyo."

"Baada ya hapo nimepita pale tena. Nimepita na wajukuu wa watu ndani ya gari hili." Hakupaza sauti. "Mlikuwa mnaniheshimu hivyo."

Ningependelea anitukane kama alivyokuwa akiyatukana malori. Aliinua mkono, nikadhani anaomba ufunguo, nikampa. Aliugeuza viganjani, akaushika.

"Mwite mpwa wangu," alisema. "Aje na yeye aseme."

Alikuja na fulana ya dukani, yenye vumbi la mbolea. Alikuwa amekwisha kujua kwa nini ameitwa. Alisimama kwenye changarawe na kuangalia viatu vyake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Una neno na mimi."

"Mjomba, mimi..." Akanitazama. Sikumsaidia. "Watu watasema..."

"Watu hawapo hapa. Sema tu, mwanangu. Watu nitawajibu mimi."

"Mjomba, usiendeshe tena." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Basi. Usiendeshe."

"Nimesikia," alisema Bwana Shamba. Akamnyooshea ufunguo. "Washa gari. Tunakwenda Mlali kumtafuta yule mama. Kama hayupo, tutakaa mpaka aje."

Mpwa aliingia upande wa dereva, akasogeza kiti nyuma kwa sababu ni mrefu kuliko mjombake. Korola ikawaka mara moja, kama ilivyowaka siku zote. Mimi nilikaa nyuma. Bwana Shamba alizunguka mbele ya gari akiwa ameegemeza kiganja kwenye boneti, siyo kwa salamu, bali ili asipotee njia, akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akaufunga taratibu hadi ukashika wenyewe.

Kisha akapeleka mkono begani kwa kulia kuvuta mkanda. Haukuwepo. Mkono ukapapasa hewani, ukashuka kwenye kiti, ukapanda tena palepale kwa kulia. Mpwa wake alitazama nje upande wake. Mimi nilitazama juu, milima ya Uluguru, mawingu yalipokuwa yanaanza kushuka kwenye mashamba ya watu.

"Ni kushoto, Bwana Shamba," nilisema.

"Eeh," alijibu. "Kushoto."

Hakuna aliyegeuka hadi tuliposikia mkanda ukinasa.